Kuvu Iliyokalishwa Sebuleni

Mwaka ule wa vikwazo, ambao sisi Gitega tuliuita mwaka wa ambargo, mjukuu wangu Zuena alichumbiwa Muyinga. Mchumba mwenyewe alikuwa Faridi, fundi baiskeli, kijana mpole ambaye hata akitaka kukusalimia hufuta mikono kwanza, mbele na nyuma. Nilifurahi sana. Kisha nikakumbuka mkeka.

Kwetu kila binti anayeolewa hupewa mkeka wenye pindo jekundu, na pindo hilo hushonwa na bibi yake. Wekundu wake haununuliwi dukani, hata siku ambazo maduka yalikuwa na vitu. Unatoka kwenye kuvu. Mama yangu alikuwa nayo, na mama yake pia. Unachukua ukoko wa wali, ule unaokwaruzwa chini ya sufuria, unaukausha, unaunyunyizia maji kidogo, unaupaka chembe za kuvu ya zamani, unaufunga kwenye jani la mgomba na kuusukuma chini ya kitanda. Baada ya siku saba au nane ukoko wote umekuwa mwekundu. Unauchemsha na shabu kidogo, ile wanayotumia vinyozi, kisha unatumbukiza nyuzi za mkonge. Si kitu cha kula, na mikono lazima uoshe. Lakini rangi yake haitoki hata ukiufua mkeka miaka ishirini.

Nilikuwa nimeshonea wajukuu saba. Zuena alikuwa wa nane, na kwake ndiko nilikotaka pindo liwe jekundu kuliko yote, kwa sababu Zuena hakuzaliwa na mtoto wangu yeyote.

Alikuja kwangu mwisho wa mwaka tisini na tatu, akiwa na miaka kumi na minne. Baba yake alikuwa akiuza chumvi soko la Buraza. Watu wake wote waliisha kwa wiki moja. Alifika mlangoni kwangu kashika viatu mkononi, asije akachafua ukumbi. Nilimpa uji. Alikunywa, akaosha kikombe, akakizungusha mkononi akitafuta kilipokaa mwanzo ili akirudishe palepale. Siku hiyohiyo nilisema huyu ni wangu. Lakini mtoto wa namna hiyo hata ukimwambia mara mia, ndani yake bado anajiuliza. Aliwaona wenzake wakipewa mikeka. Hakuuliza kama na yeye atapewa. Alikuwa akikaa karibu yangu tu, akinishikia uzi.

Basi nyuzi zake nilizitia rangi mapema, zikakauka vizuri. Kisha mtaani kwetu kukapigwa risasi, tukalala siku nne kwa ndugu upande wa pili wa mji. Tuliporudi, mwizi alikuwa amechukua mablanketi, sufuria mbili na nyuzi zangu. Kuvu aliiacha. Nilikuta kipande kikavu chini ya kitanda, wekundu wake umefifia. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Mwizi mwenye akili huacha kitu cha maana kuliko vyote!

Nilikifunga kipande hicho kwenye jani, chembe nyingine kidogo nikazifunga kwenye ncha ya kitenge changu kama mtu anavyofunga sarafu. Kesho yake nikapanda mbele kwenye lori la maharage la Houssein, jirani yetu, aliyekuwa anapeleka mzigo Muyinga. Houssein alinitandikia gunia tupu kwenye kiti ili chuma kisinichome.

Kwenye bariyeri moja baada ya Karuzi askari kijana alinifungulia mzigo. Alipofika kwenye jani akarudisha kichwa nyuma.

"Bibi, hiki kimeoza."

"Ndiyo, mwanangu. Kingekuwa hakijaoza ningekiacha nyumbani."

Alinitazama, akamtazama Houssein, na Houssein akatazama mawingu. Kisha yule kijana akalifunga jani upya, polepole, na kamba yake akaipiga fundo lilelile nililokuwa nimepiga mimi. Sijui jina lake. Namwombea mpaka leo.

Muyinga anakaa mwanangu Kassimu, fundi cherehani. Zuena alikuwa kwake mwaka wa pili sasa, akimsaidia kutia vifungo na kupiga pasi. Nilipoingia uani walikuja wote mbio. Nami kwa furaha ya kufika nikainua lile jani juu nikasema, "Nimekuja na mgeni wangu! Mumpokee vizuri."

Hilo ndilo kosa langu, na lilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Huwezi kuingia kwenye nyumba kama ile ukataja neno mgeni halafu utegemee watu watulie.

Mke wa Kassimu ni Hidaya, mwanamke mwenye mikono ya kutoa. Alichukua bakuli lake la maua, lile la sikukuu, akaliosha mara mbili. Tukatengeneza ukoko, nikaupaka kuvu. Nilipoinama kuusukuma chini ya kitanda akanishika mkono.

"Eeh, Mama! Mgeni wako alale uvunguni, na viatu?"

"Kwangu analala hukohuko, binti."

"Kwako ni kwako. Hapa asije akasema tumemdharau."

Akaliweka bakuli sebuleni, juu ya meza ndogo karibu na dirisha, akalifunika kitambaa cha kufuma chenye matundu ili lipate hewa. Mimi niliona ni mapenzi. Sikutaka kumkatalia mwenye nyumba. Tena nilidhani chini ya kitanda pale kwangu ni kwa sababu ya nyumba ndogo tu. Mama yangu naye alikuwa na nyumba ndogo.

Harusi ilikuwa imebaki siku ishirini na mbili. Mkeka wenyewe Zuena alikuwa ameshausuka, mweupe, safi, umekunjwa nyuma ya mlango. Ulingoja pindo tu.

Siku ya kwanza asubuhi tulikunywa chai. Chai yangu ilikuwa tamu. Kassimu alikunywa yake bila kukoroga.

"Wewe hutii sukari?" nikamuuliza. Sukari siku zile ilikuwa ya kutafuta. Ilivuka kutoka upande wa Tanzania kwenye baiskeli, imefichwa katikati ya vitu vingine.

"Meno, Mama," akasema, akashika shavu.

Hidaya naye akasema yeye siku hizi tamu inamchefua. Zuena akasema amezoea kavu. Nikajisemea, kumbe watoto wangu wamezeeka kabla yangu.

Siku ya nne kuvu ilitokeza. Nyeupe, laini, kama pamba iliyochambuliwa. Nikafurahi, huanza hivyo. Siku ya sita ilikuwa nene. Siku ya nane ilikuwa imefika ukingoni mwa bakuli, imenona, inang'aa kama shavu la mtoto mchanga. Na nyeupe. Hata doa la waridi hakuna. Siku ya kumi nikaichungulia kwa miwani yangu na miwani ya Kassimu pamoja. Nyeupe pe.

Zuena alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bado, Bibi?"

"Bado kidogo."

"Kwa dada Yasmina ilichukua siku ngapi?"

Yasmina ni mjukuu wangu wa damu, wa saba. Yake ilichukua siku saba. Zuena hakusubiri jibu. Alienda kupiga pasi suruali ya mtu, na nilisikia anaipiga palepale, palepale, mpaka Kassimu akamwambia, "We mtoto, hiyo suruali imenyooka, usije ukaitoboa!"

Chumba cha nyuma cha ile nyumba kilikuwa na mpangaji, Akilimali, mtu wa Kivu ya Kusini aliyekimbia vita vya kwao. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa biolojia. Muyinga aliuza sabuni na mabetri kwenye kibanda sokoni, na kila kipande cha sabuni alikipanga kama anapanga daftari za mtihani. Mimi aliniita Koko, kama wanavyowaita bibi zao. Siku hiyo ya kumi alirudi mapema, akanikuta nimekaa mbele ya bakuli na kidevu mkononi.

"Koko, mgeni yako anasema nini?"

"Anasema ameshiba, mwalimu. Rangi hatoi."

Akachuchumaa. Alitazama muda mrefu bila kugusa, kama daktari. Kisha akanyoosha kidole, si kwenye bakuli, bali kwenye mguu wa meza.

"Koko, tazama."

Sisimizi. Mstari mmoja ulionyooka, unatoka dirishani, unashuka ukutani, unapanda mguu wa meza, unaingia chini ya kile kitambaa cha kufuma. Wengine walikuwa wanarudi, na kila mmoja kabeba chembe nyeupe.

"Uliweka nini mule?" akaniuliza.

"Ukoko na maji. Basi."

"Mais non. Sisimizi hawawezi kuandamana hivi kwa ajili ya ukoko. Hii njo sukari."

Nikasimama. Nikaita watu wote wa nyumba waje sebuleni. Hata Mzee Radjabu, jirani aliyekuwa amekuja kuniamkia, nikamwambia asiondoke. Nikauliza, sauti ya chini tu, "Nani ametia sukari kwenye kuvu yangu?"

Hidaya akaanza kukunja ncha ya kanga.

"Mimi, Mama. Kijiko kimoja tu. Siku ya kwanza. Mgeni anafika, humpi hata kitu kitamu?"

"Kimoja?"

"Na kesho yake. Na siku ya tatu nikaona ametulia, nikamwongezea."

Kassimu akakohoa. "Mi nilitia usiku nikifunga mlango. Nilijua Hidaya hawezi kukumbuka."

"Na meno yako?"

"Meno mazima, Mama."

Mzee Radjabu akavua kofia. "Mama Kassimu, nisamehe. Mimi kila nikipita hapa nina kipande cha sukari mfukoni cha kuwapa wajukuu. Nilisikia una mgeni mgonjwa mbele ya dirisha."

Tukaanza kucheka, isipokuwa Akilimali. Yeye alikuwa anakuna shingo.

"Na wewe, mwalimu?" nikasema.

"Koko, nasikia haya. Siku ya kwanza tu. Kwetu hauwezi kusalimia chungu ya mama muzee mikono mitupu."

"Mwalimu wa biolojia!" Kassimu akapiga kelele.

"Biolojia ni ya kazi. Heshima ni ya nyumbani."

Hapo nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilipofuta macho nikaona Zuena hajacheka. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye pini alizobana kifuani.

"Mimi nilitia kila alfajiri, Bibi. Vijiko viwili. Fungu langu la chai lote."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa haitageuka. Nikadhani itajua mimi si wa ukoo. Nikasema labda nikiibembeleza itanikubali."

Hidaya akamvuta akamkumbatia. Aliyesema ni Akilimali, na nampenda kwa hilo mpaka leo, kwa sababu hakumwambia pole. Alimvutia kigoda akamkalisha mbele ya bakuli kama mwanafunzi.

"Zuena, sikiliza. Kuvu haijui ukoo ya mutu. Ndani yake iko maagizo madogo-madogo sana, tunayaita jeni. Agizo moja linasema: kula. Ingine inasema: nenepa. Ingine inasema: tengeneza mbegu. Na iko kikundi ya maagizo, yamekaa karibu-karibu, yote yanasema: tengeneza rangi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Bon. Lakini ile kikundi ya rangi haifanye kazi kila siku. Iko jeni ingine, yeye njo mwenye ufunguo. Anachungulia kwanza. Chakula iko? Mwanga iko? Akiona sukari mingi, anasema: rangi ya nini? Kula tu, mwanangu, nenepa. Anafunga mlango. Siku akiona giza, chakula ni kigumu, kidogo, hapo anasema: sasa tufanye kazi. Anafungua."

"Umejuaje?" Kassimu akauliza. "Kuvu ya Mama umeisoma wapi?"

"Hii ya Koko sijaisoma mahali. Lakini ile inayotoa penisilini, dawa ya sindano, ni kuvu pia. Wenye kuitengeneza waliona hivyo zamani: ukiilisha sukari haraka-haraka, inanenepa vizuri, dawa haitoi. Inabidi kuilisha chakula cha pole-pole. Ukoko njo chakula cha pole-pole. Mama ya Koko alijua bila kitabu."

Zuena alifuta pua. "Kwa hiyo haijasahau rangi yake?"

"Haijasahau hata kidogo. Maagizo iko mule yote. Wewe uliifungia mlango na kijiko."

"Basi haikunikataa."

"Ikukatae? We njo umeilisha kuliko watu wote hapa!"

Hapo naye akacheka, na pini moja ikamdondoka.

Lakini kucheka hakutoi rangi. Zilibaki siku kumi na mbili. Ile ya bakulini, iliyolowa sukari hata kwa mbegu haikufaa, tuliitupa nyuma ya choo, na sisimizi wakafanya karamu yao. Nilifungua ncha ya kitenge changu. Zile chembe zilikuwa kidogo sana, hazikujaa hata kifuniko cha chupa. Na nyingine hakuna, si Gitega si popote. Niligawa mafungu mawili. Fungu moja nikalirudisha kwenye kitenge. Fungu la pili lingeharibika, siku za kuanza upya zisingetosha, na mkeka ungebaki mweupe.

Hidaya alileta ukoko wa jana, mkavu wa kuvunja meno. Nilinyunyiza maji kwa vidole vitatu. Tukafunga jani la mgomba, nikalisukuma uvunguni mwa kitanda cha Zuena, mpaka ukutani kabisa, na Hidaya mwenyewe akaongeza viatu mbele yake.

"Asione hata mshumaa," akasema.

Nyumba ile sijawahi kuiona ikiteseka vile. Watu waliozoea kutoa waliambiwa wasitoe kitu! Kassimu alikuwa anafika mlangoni mwa chumba, anasimama, anarudi. Hidaya alipika wali siku mbili mfululizo ili tu apate ukoko, akakumbuka haturuhusiwi kuongeza, tukaula sisi. Mzee Radjabu aliuliza dirishani, "Anakula?" nikamjibu, "Hali!" akasema, "Maskini," akaenda. Chai ikarudi kuwa tamu kwa wote, na Kassimu akakoroga kijiko chake kwa kelele kama kengele ya shule.

Siku ya tano Zuena aliniambia usiku alikuwa anasikia harufu, kama mkate wa jana. Nikamwambia alale. Siku ya saba tukafunga madirisha, nikatoa jani, nikafungua pembe moja tu.

Kuvu ilikuwa nyembamba, kama vumbi. Ungesema imekufa. Lakini chini yake, pale iliposhika ukoko, kulikuwa na mstari wa waridi, kama ufizi.

Nilimpa Zuena jani ashike, aone mwenyewe. Alilifunga, akalirudisha uvunguni palepale lilipokuwa, akaosha mikono, akatoka uani. Kisha tukamsikia anaimba nyimbo za harusi ya mtu mwingine.

Siku ya tisa ilikuwa nyekundu mpaka ndani. Tulichemsha, tukatia shabu, tukatumbukiza nyuzi mpya za mkonge. Rangi ilitosha nyuzi za pande tatu za mkeka. Za upande wa nne zilipata maji ya mwisho, zikatoka waridi tu. Zilikauka kwenye kamba siku nzima, na Hidaya alikuwa anawafukuza kuku.

Pindo kwa desturi hushonwa na bibi peke yake. Zilibaki siku mbili na vidole vyangu si vya zamani. Nikasema desturi inisamehe. Mimi nilishona upande wa kwanza, Hidaya wa pili. Kassimu alishona wa tatu kwa mkono, bila cherehani, na mishono yake ilikuwa mizuri kuliko yetu, tukamwambia asitutie aibu. Upande wa waridi Akilimali aliomba ajaribu. Alijichoma mara nne. Nilimwacha amalize.

Ijumaa, siku ya harusi, wakaja watu wa Faridi. Mama Faridi, mwanamke mwenye adabu, alileta zawadi yake imefungwa kwenye kitambaa cheupe: kilo mbili za sukari. Nyumba nzima ikaitazama ile sukari. Kassimu akatoka nje haraka, na tulimsikia anacheka nyuma ya nyumba.

"Nimekosea?" Mama Faridi akaniuliza kwa wasiwasi.

"Hujakosea hata kidogo, dada. Leo ndiyo siku yake."

Tulimkalisha Zuena juu ya mkeka. Alipitisha kidole kwenye pindo, kuanzia upande wangu, akazunguka, mpaka kwenye mishono ya mwalimu iliyopindapinda. Mama Faridi naye akainama kutazama.

"Huu upande mmoja mbona umefifia?"

"Hapo ndipo ilipoingia sukari," akajibu Zuena. Kisha akanitazama. "Huu ni wangu peke yangu, Bibi. Wa dada Yasmina hauna."

"Hauna," nikasema.

Kabla hawajaondoka nilimwita pembeni. Nilifungua ncha ya kitenge changu, nikachukua nusu ya zile chembe, nikazifunga kwenye ncha ya kitenge chake, fundo mara mbili. Kwetu mkeka anapewa kila binti. Chembe hupewa mmoja tu, yule bibi anayemchagua, na Zuena alilijua hilo. Alishika lile fundo kwa mikono yote miwili.

"Chini ya kitanda," nikamwambia. "Gizani. Ukoko mkavu na maji ya vidole vitatu."

"Ndiyo, Bibi." Akafikiri kidogo. "Na nikiionea huruma?"

"Ionee huruma ukiwa jikoni," nikasema. "Funga mlango, kunywa chai yako."